Masaki Ipi?

SURA YA NNE

Afande Sospeter alikuwa na karatasi moja tu, na kwa karatasi hiyo moja alikuwa tayari kumpandisha mtu kizimbani.

"Isome mwenyewe," alimwambia Inspekta Yasinta Mdoe, akaisukuma juu ya meza. "Kampuni ya simu haina undugu na mtu."

Yasinta alikwisha kuisoma tangu jana, lakini mkubwa akikwambia soma, unasoma. Ijumaa, saa saba na dakika kumi na mbili mchana, simu ya mlinzi Mwinshehe iliita kundi namba 312. Hali: imeunganishwa. Muda: sekunde arobaini na moja.

Kundi 312 lilikuwa la walinzi wa kampuni ya Komesha Ulinzi, wanaolinda bohari ya nyaya za shaba kule Masaki, wilayani Kisarawe. Simu walizopewa zina kitufe ubavuni. Mmoja akikibonyeza na kusema, wenzake wote wa kundi wanamsikia papo hapo, bila hata kupokea. Ijumaa hiyo walinzi wawili walikwenda kuswali na simu zao wakazizima, kama ada. Walibaki wawili: Mwinshehe nyuma ya bohari, na Dotto kwenye geti la juu, nusu kilometa kutoka hapo. Watu wakaingia na lori kwa nyuma. Wakampiga Mwinshehe nondo ya kichwa, wakapakia madramu matano ya nyaya, wakaondoka bila haraka. Aliokotwa kidole chake kikiwa bado kimeng'ang'ania kitufe, na mpaka leo Jumapili alikuwa hajafumbua macho.

Dotto alisema hakusikia kitu.

"Hakusikia!" Sospeter alicheka bila furaha. "Mtambo unasema imeunganishwa. Simu anayo mkononi, ina chaji. Huyo kala njama. Kesho saa tatu asubuhi nataka awe mahakamani, na mwenzake akifa tunabadilisha shitaka."

"Nipe leo, afande."

"Leo ni Jumapili."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Sospeter alimtazama kama mtu anayetazama gari bovu linalokataa kuzimika. "Jioni uwe umerudi na kitu," alisema, "au usirudi na neno."

Yasinta alikusanya jalada. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya Bernard Shauri, meneja wa operesheni wa Komesha, aliyoyaandika yeye mwenyewe Yasinta jana Jumamosi, mzee huyo akiongea huku anapigapiga meza. Aliyapitia tena akiwa amesimama. *Saa saba mchana nilikuwa Kwa Mathias, naziba pancha. Habari nilizipata saa tisa. Inaniuma sana. Mtu anamwita mwenzake kwa jina, Dotto, Dotto, naye kanyamaza!* Hapo kwenye jina palikuwa na neno lililokatwa kwa mstari mmoja, kama utaratibu unavyotaka, na pembeni yake Bernard ametia sahihi fupi kukubali masahihisho. Alikuwa amesema "Kulwa, Kulwa," na Yasinta akamrekebisha. Nani asiyewachanganya Kulwa na Dotto, pacha wa kwanza na wa pili? Yeye mwenyewe ana wapwa mapacha, na mpaka leo huwaita wote wawili kwa pamoja ili asikosee.

Alifunga jalada, akashuka mahabusu.

Dotto alikuwa kijana mnene wa miaka ishirini na minane, na siku mbili za mahabusu zilikuwa zimemlegeza mashavu. Alisimama haraka alipomwona.

"Shikamoo, afande. Mwinshehe ameamka?"

"Bado. Simu yako ilikuwa wapi saa saba?"

"Hapa." Alijigusa kifuani. "Imening'inia hapa hapa."

"Sauti ulikuwa umeifungua?"

"Mpaka mwisho. Asubuhi saa mbili tuliitwa wote kwa mahudhurio, nikaitika vizuri tu. Mchana sikusikia hata mkwaruzo, afande. Wallahi… namaanisha, haki ya Mungu."

"Wewe Mkristo au Mwislamu?"

"Mkatoliki. Nimekaa sana na Mwinshehe." Akaanza kulia, bila kujificha. "Wanasema aliniita. Ni kweli aliniita?"

Uongo Yasinta hakuupenda. Aliondoka.

Ofisi ya Komesha ilikuwa ghorofa ya juu ya duka la vipuri, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stendi ya Kwa Mathias. Chumba cha uratibu kilikuwa na kompyuta moja, ramani ya Mkoa wa Pwani na simu ya mezani nyekundu. Fundi wa mitambo, Jenifa, alikuwa ameitwa kutoka kanisani huko Sofu, na alikuwa bado na gauni la kwaya.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," Yasinta alimwambia. "Mtu akibonyeza kile kitufe, kunatokea nini?"

Jenifa alikunja mikono ya gauni. Ukimuuliza mtu kazi anayoipenda, hofu humtoka. "Simu ya kawaida, afande, mtambo unamtafuta mtu. Simu ya kundi mtambo hautafuti mtu. Unatafuta mahali."

"Endelea."

"Mwinshehe akibonyeza, mtambo wa kampuni ya simu unafungua daftari la makundi. Unauliza, 312 ni ya mnara gani? Ukishaukuta, unafungua njia moja ya sauti kwenye mnara huo, na kila simu yenye laini ya 312 iliyo chini ya mnara inasikia. Iwe moja, ziwe mia, njia ni ile ile moja. Na anayesema ni mmoja, yule aliyeshika kitufe. Wengine wanasikiliza mpaka aachie."

"Na waliosikia wanaandikwa wapi?"

"Hawaandikwi."

"Hata mmoja?"

"Kengele ya kanisa huwa inaandika nani kaisikia?"

Yasinta aliitoa ile karatasi ya Sospeter, akaiweka juu ya meza. "Sasa hii 'imeunganishwa' maana yake nini?"

"Kwamba mtambo umetimiza kazi yake. Haisemi kama kuna sikio lililopata kitu."

Kwa hiyo karatasi iliyokuwa ikimfunga Dotto haikujua lolote kuhusu Dotto. Yasinta alivuta kiti. "Nionyeshe hilo daftari."

Jenifa aliandika nywila yake, akafungua ukurasa wa 312. Jina la kundi: Bohari Masaki. Wanachama: wanne. Mnara: Masaki. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na Yasinta alikuwa karibu kukata tamaa alipomwona binti anaisogelea skrini, halafu anaziba mdomo kwa kiganja.

"Nini?"

"Afande, hii Masaki siyo."

"Masaki ni Masaki."

"Tazama namba ya mnara. Inaanza na sifuri nne. Hiyo ni Dar. Hii ni Masaki ya mabalozi!"

Yasinta alitazama namba, akatazama ramani ukutani. Ijumaa mchana, mtu akipigwa nondo kwenye mikorosho ya Kisarawe, mtambo ulifungua njia ya sauti nzuri, safi, kule kwenye rasi ya Dar es Salaam, juu ya mahoteli na majumba ya wakubwa, ambako hapakuwa na mlinzi hata mmoja wa 312.

"Nani ameandika hivi?"

Jenifa alifungua kumbukumbu za mabadiliko. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa, saa nne na dakika hamsini na mbili asubuhi. Jina la mtumiaji: jenifa.

"Siyo mimi," alisema. "Afande, naapa siyo mimi. Ijumaa sikuwepo."

Mlango ulifunguliwa, na Bernard Shauri akaingia akiwa na suti ya Jumapili na Biblia kwapani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye tumbo la kuheshimika na sauti iliyozoea kutiiwa. "Inspekta, kumbe mko huku! Mlinzi wa chini kanipigia. Kuna nini?"

Yasinta alimweleza. Alimweleza taratibu, akimtazama usoni. Bernard alisikiliza, akaiinamia skrini, kisha akaangua kicheko kirefu cha masikitiko.

"Watoto wa mjini! Ukimtajia Masaki anawaza hoteli. Nilisema mimi, huyu amezaliwa Sinza, Kisarawe anaisikia kwenye taarifa ya habari. Sasa ona. Kosa la kidole kimoja, mtu yuko taabani." Alitikisa kichwa. "Basi yule kijana wenu maskini hana kosa, Inspekta. Mwachieni. Huyu binti nitamwandikia barua ya kumwachisha kazi, na yaishe."

Yasinta aliandika maneno hayo kwenye kidaftari chake, yote, pamoja na "yaishe". Mtu huyu jana alikuwa anapiga meza akitaka Dotto anyongwe. Leo alikuwa mwepesi wa kusamehe kama padri wa Pasaka.

"Asante, Bwana Bernard," alisema. "Nitakuja ofisini kwako jioni tumalizie maelezo yako."

"Karibu sana, dada yangu."

Alipotoka, Yasinta alisubiri nyayo zake ziishe ngazini. Kisha akaonyesha simu nyekundu. "Na hii ni ya nini?"

"Hiyo ni ya mratibu." Jenifa alipangusa macho. "Kila kundi lina mratibu. Huyu hategemei mnara, anaandikwa kwa namba yake. Kundi likiita, mtambo unampigia kama simu ya kawaida, apokee asikilize."

"Kama simu ya kawaida."

"Ndiyo."

"Inayoandikwa."

Jenifa aliivuta kibodi. Kisha vidole vyake vikaanza kukimbia kwenye kompyuta, na printa ya kona ikatema karatasi moja. Waliisoma vichwa vikiwa vimegusana. Ijumaa, saa saba na dakika kumi na mbili. Mratibu wa 312: imepokelewa baada ya sekunde tatu. Simu ya kundi imefungwa na: mratibu.

"Labda inajipokea yenyewe," alisema Yasinta.

"Inaweza kuwekewa hivyo. Lakini kujifunga haiwezi. Kuifunga simu ya kundi lazima mratibu abonyeze nyota mara tatu. Nyota, nyota, nyota. Vinginevyo inaendelea mpaka anayesema aachie kitufe."

"Na Mwinshehe hakuachia."

"Hakuachia."

Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti hiki, amesikia mtu anapigwa kwa sekunde arobaini na moja, akachoka, akabonyeza nyota tatu. Yasinta alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, na hakujisumbua kuizuia.

"Kiti hiki anakaa nani?" aliuliza.

"Mimi," alisema Jenifa.

"Nywila ni yako, na kiti ni chako."

"Nywila kila mtu anaijua, afande. Tazama." Aliinua simu nyekundu. Chini yake kilibandikwa kikaratasi chenye herufi nane. "Na Ijumaa bosi alinituma Gwata, nikakague simu za walinzi wa shamba la kule. Niliondoka saa nne. Nafika, walinzi wananishangaa, wanasema simu zao nzima na hawajaita fundi."

"Gwata kuna nani wa kulisema hilo?"

"Nilipita ofisi ya kijiji. Nikasaini kitabu cha wageni."

Yasinta alimtazama macho. Macho yanayolia hayathibitishi kitu, keshawaona waongo wakilia zaidi kuliko wafiwa. "Kaa nyumbani leo," alisema. "Hilo daftari la makundi usiliguse. Hata ukitaka kulirekebisha kwa huruma, usiliguse."

Ndani ya gari alimpigia mtendaji wa kijiji, mama mmoja aitwaye Margareth, ambaye alilalamika kwamba ubwabwa uko jikoni, lakini akaenda ofisini, akafungua kabati, akasoma kwa sauti ya darasani: "Jenifa, wa Komesha Ulinzi, kutoka Kibaha. Shughuli, ukaguzi wa simu. Kuingia saa tano na robo. Kutoka saa nane kamili. Hapa alikunywa na chai, afande, mvua ilimzuia."

Saa nne na dakika hamsini na mbili Jenifa alikuwa juu ya bodaboda, katikati ya mashamba. Yasinta aliliweka gari kwenye gia, akakata kona Kiluvya kwenda Kisarawe.

Bohari ilikuwa kama ilivyoelezwa: mabati marefu, uzio, mikorosho mpaka kilimani. Nyuma yake damu ilikuwa imefunikwa mchanga. Yasinta alitoa bahasha mbili za vielelezo, akaweka simu mbili juu ya jiwe moja, ya Mwinshehe na ya Dotto, kiasi cha shibiri kati yake. Akabonyeza kitufe cha Mwinshehe. Taa ya kijani ikawaka, taa ile inayomwambia mtu sema, unasikika.

"Kundi la Masaki, mnanisikia?" alisema.

Simu ya Dotto ilikaa kimya kama lile jiwe. Yasinta aliachia, akabonyeza tena, akarudia mara tatu mbele ya mlinzi wa zamu, akamtaka asaini kuwa ameshuhudia. Taa iliwaka mara zote tatu. Mwinshehe naye aliiona ikiwaka, akaiamini.

Ng'ambo ya uzio palikuwa na banda la mama lishe. Mwenyewe aliitwa Ashura, dada yake Mwinshehe, mwanamke mwembamba aliyefunga kanga ya kiunoni kwa fundo la hasira. Alimpa Yasinta stuli, akampa maji, halafu akamwekea mbele bakuli lililofungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, afande. Hiki si chako. Mpelekee Kulwa. Najua huko kwenu hawashibishi."

Yasinta alilishusha bakuli. "Kulwa nani?"

"Huyo mliyemkamata. Getini."

"Yule ni Dotto."

"Dotto kwenu." Ashura alicheka kidogo, na kicheko kikamgeukia kilio nusu njia. "Kaka yangu ndiye kambatiza. Chakula kikiiva yule ndiye wa kwanza kufika, kila siku, hata hujatia chumvi. Mwinshehe akamwambia, Dotto gani anayetangulia? Anayetangulia ni Kulwa. Basi kuanzia hapo hajamwita jina jingine."

"Nani mwingine anamwita hivyo?"

"Mimi na kaka yangu. Tena ni hapa jikoni na wakiwa wawili. Mbele za watu kaka hamwiti, anaona mwenzie atadhalilika."

"Hata kwenye mahudhurio ya simu?"

"Kule wanaitana kwa namba."

"Na bosi wao, Bwana Bernard? Amewahi kula hapa?"

"Yule?" Ashura alitema mate pembeni, kwa adabu. "Yule hajawahi kushuka kwenye gari. Anapiga honi, anafunguliwa, anageuza."

Yasinta alifungua jalada juu ya mapaja, hapo hapo kwenye stuli, akatafuta ukurasa. Chini ya mstari wake mwenyewe wa wino wa bluu, herufi zilisomeka vizuri tu. Alikaa anazitazama mpaka Ashura akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, dada," alisema. "Nimeona kosa langu."

Saa kumi alikuwa Kwa Mathias. Mzee Mwinjuma, fundi wa pancha, alikuwa ameketi juu ya tairi la lori akichonga mswaki wa mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wapi pamekuchoma?"

"Hapajanichoma. Nina swali la Ijumaa. Bwana Bernard wa Komesha alikuja kuziba pancha?"

"Alikuja. Saa nne kasoro hivi."

"Si saa saba?"

Mzee alikunja uso kama aliyetukanwa. "Ijumaa saa saba mimi niwe naziba pancha? Mimi? Saa sita na nusu nafunga, natawadha, naelekea msikitini. Muulize yeyote hapa. Gari aliniachia asubuhi, akaondoka kwa miguu, kaja kulichukua saa tisa. Tena tairi lenyewe lilikuwa zima. Nilimwambia, bwana, hili halina tundu. Akasema liache, chunguza tu."

"Kwa miguu alielekea wapi?"

Mzee Mwinjuma aliunyoosha mswaki kuelekea ghorofa la duka la vipuri.

Bernard alimpokea na soda. Kwenye ofisi yake palikuwa na picha ya wajukuu na cheti cha kampuni kwenye fremu. Yasinta hakugusa soda. Nje ya mlango aliwaacha askari wawili, na akauacha mlango wazi kidogo.

"Tumalizie maelezo yako," alisema. "Utaratibu, unajua tena. Naomba uyasome mwenyewe kwa sauti, uniambie kama kuna cha kubadilisha."

Bernard alivaa miwani, akasoma kwa sauti nzuri ya mzee wa kanisa. Alisoma Kwa Mathias, akasoma pancha. "Mtu anamwita mwenzake kwa jina, Dotto, Dotto…"

"Siyo hapo nilipopaandika. Soma nilipopakata."

Aliisogeza karatasi karibu na macho. "Kulwa, Kulwa. Ah, hapa nilikosea jina, wewe mwenyewe ukanirekebisha. Mapacha hawa."

"Sahihi ya pembeni ni ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo neno hilo ulilitamka wewe."

"Nilikosea, nimesema."

"Hapana, Bwana Bernard. Aliyekosea ni mimi. Wewe ulisema sawasawa. Ulisema kama ulivyosikia."

Bernard alivua miwani. Nje, pikipiki ilipita ikipiga kelele, na wote wawili wakaisubiri iishe.

"Mwinshehe ndiye peke yake kazini anayemwita Dotto kwa jina hilo," Yasinta aliendelea, "tena wakiwa wawili tu. Ijumaa alilitaja kwenye simu ya kundi, akiomba msaada. Mnara wa kundi wewe uliupeleka Dar, asisikike na mtu. Masaki ukaichagua kwa makusudi, ili siku tukiigundua tucheke tuseme watoto wa mjini. Lakini mratibu mtambo haukumsahau. Simu nyekundu ilipokelewa. Ikafungwa kwa nyota tatu."

"Jenifa ndiye…"

"Jenifa alikuwa Gwata, ulikomtuma. Nimesomewa kitabu cha wageni. Na Mzee Mwinjuma anasema tairi lako halikuwa na tundu."

Bernard aliweka mikono miwili juu ya meza. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikicheza, na alipoona Yasinta anavitazama, akavikunja.

"Waliniahidi hawatamgusa," alisema hatimaye, polepole. "Walisema watamfunga kamba tu."

"Ulisikia walivyomfunga kamba. Sekunde arobaini na moja."

"Nataka wakili."

"Utampata. Kwanza utanitajia wenye lori." Yasinta alisimama, akausukuma mlango. "Ingieni."

Afande Sospeter alisoma karatasi zote kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye neno lililokatwa alilisoma mara mbili. Hakusema ahsante, si mazoea yake. Alitia sahihi hati ya kumwachia Dotto, akaisukuma mezani kama alivyousukuma ule ushahidi wa asubuhi.

"Mama yake yuko nje tangu jana," alisema, akitazama dirishani. "Kamwambie wewe."

Mama aliambiwa. Alipiga vigelegele, akakaa chini, akasahau kiatu kimoja. Dotto alitoka na mkanda wake mkononi na bakuli la Ashura kwapani, na alimkumbatia mama yake, lakini macho yalikuwa kwa Yasinta.

"Afande. Asubuhi nilikuuliza, hukunijibu. Aliniita?"

"Alikuita."

"Aliitaje?"

"Kulwa."

Dotto aliinama kama mtu anayefunga viatu. "Sikusikia," alisema.

"Hukupelekewa. Sauti ilipelekwa pengine."

"Lakini aliita, na mimi sijaitika." Aliinua uso. "Nipeleke hospitali."

"Nenda kwanza nyumbani, ukaoge, ule."

"Chakula nitakula," alisema Dotto, na huo ulikuwa ushahidi wa mwisho kwamba Ashura hakusema uongo. "Nipeleke kwanza."

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika wodini. Muuguzi alisema dakika mbili, mgonjwa hasikii chochote, msimchoshe. Mwinshehe alilala na kichwa kilichofungwa bandeji mpaka kwenye nyusi, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimekunjika, bado kikitafuta kitufe. Dotto aliliweka bakuli sakafuni. Alikishika kidole hicho, akainama mpaka mdomo ukafika sikioni.

"Naam," aliitika.